Kanisa linaloanzia mezani: mila ndogo za imani kwa familia changa

Watoto wana mchezo wao wa siku zote, ule wa baba na mama. Vifuniko vya chupa vinakuwa sufuria, udongo unakuwa ugali, kanga kuukuu iliyokunjwa inakuwa mtoto mchanga wa kubebwa mgongoni. Mmoja ni mama, anakoroga na kufoka kidogo, kama anavyosikia kwao. Mwingine ni baba, anarudi kazini, anakaa, anatoa kipande cha ubao mfukoni na kuanza kukibonyeza, maana hiyo ndiyo simu. Hakuna aliyewafundisha. Wanacheza walichokiona.

Mzazi mwenzangu, siku moja kaa pembeni uwatazame wa kwako bila wao kujua. Katika nyumba yao ya mchezo, yupo anayesali kabla ya kula ule ugali wa udongo? Yupo anayemwombea mtoto wa kanga anapolazwa? Watoto hao hao wakicheza kanisani utasikia mahubiri, utasikia kwaya, utaona sadaka ya majani ikikusanywa kwa kofia. Wanajua kabisa kwamba Mungu yuko kanisani. Swali ni kama wanajua kwamba na nyumbani yupo.

Tafakari yetu ya leo inawahusu zaidi wazazi vijana, wale walio katika miaka ya mwanzo ya ndoa, wenye mtoto mmoja au wawili ambao bado hawajaanza shule au wako madarasa ya chini. Tutazungumzia mambo madogo ya kufanya nyumbani kwa mikono na kwa saa maalumu, yasiyohitaji fedha nyingi wala elimu ya dini, lakini ambayo yanaweza kuamua kama imani itabaki ndani ya nyumba hiyo miaka ishirini ijayo.

Bibi amebaki kijijini

Wengi wetu hatukufundishwa kusali na padri wala mchungaji. Tulifundishwa na bibi. Ndiye aliyetushika mkono na kutuonyesha namna ya kufumba macho. Ndiye aliyeimba tenzi akichambua maharage, akatuamsha kengele ya kwanza ilipolia. Tulipokua tukaja mjini, bibi alibaki kijijini, na kazi yake ikakosa mrithi.

Tazama maisha ya familia changa ya mjini. Wamepanga vyumba viwili. Baba anatoka alfajiri kabla mtoto hajaamka, mama naye anakimbilia daladala. Jioni foleni inawarudisha mtoto akiwa amelala au anasinzia mbele ya runinga. Jumapili wanampeleka shule ya Jumapili kwa saa moja, na hiyo saa moja ndiyo imepewa mzigo wote wa kumjulisha Mungu. Saa nyingine zote za juma hazisemi lolote.

Matunda yake makatekista na wachungaji wanayajua. Kijana anahudhuria mafundisho, anapokea kipaimara, anapigwa picha na wazazi akiwa amevaa suti, na Jumapili chache baadaye haonekani tena. Si kwamba ameasi. Amehitimu, kama mtu anavyohitimu darasa la saba. Kwake imani ilikuwa somo lililofundishwa mahali fulani, na somo likikwisha mtu anarudi nyumbani. Nyumbani ndiko kulikokuwa hakuna kitu.

Mtoto wako atakapouliza

Maandiko yanatuonyesha njia nyingine. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, Musa anawaagiza wazazi wa Israeli wazungumze na watoto wao kuhusu amri za Mungu wanapoketi nyumbani, wanapotembea njiani, wanapolala na wanapoamka. Kisha anaongeza jambo la mikono: waziandike kwenye miimo ya milango. Wayahudi wengi hadi leo hubandika mlangoni kijisanduku kidogo chenye maandiko hayo, nao hukigusa wanapoingia na kutoka. Mtoto anayeona baba yake akigusa mlango kila siku, siku moja atauliza kwa nini.

Ndivyo ilivyokuwa pia katika Yoshua sura ya 4. Waisraeli walipovuka Yordani walichukua mawe kumi na mawili kutoka mtoni wakayasimamisha Gilgali. Sababu imetajwa wazi: ili watoto wa baadaye wakiuliza maana ya mawe yale, wazazi wawe na hadithi ya kuwasimulia. Katika Kutoka sura ya 12, chakula cha Pasaka nacho kimewekewa swali la mtoto. Mungu anajua kwamba watoto hawapendi kuhutubiwa. Wanapenda kuuliza. Basi anaagiza kuwe na kitu cha kuonekana, kitu cha kugusa, kitu cha kula, ili swali lije lenyewe.

Kanisa nalo limeifuata njia hiyo. Mwaka 1223, katika mji mdogo wa Greccio nchini Italia, Fransisko wa Assisi aliandaa hori lenye majani makavu, pamoja na ng'ombe na punda, ili watu waione kwa macho hali aliyozaliwa nayo Mwokozi. Mwaka 1529 Martin Luther alitoa Katekisimo Ndogo akikusudia mkuu wa nyumba aitumie kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi, na humo akaweka sala za kuamka, za kulala na za mezani. Mwaka 1839 mjini Hamburg, Ujerumani, Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini waliokuwa wakimuuliza kila siku kama Krismasi imefika. Inasimuliwa kwamba alichukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili, akawa anawasha mmoja zaidi kila siku ili watoto wahesabu wenyewe. Taji la Majilio tunaloliona makanisani leo lilitokana na hilo gurudumu la watoto maskini.

Kwa hiyo usiseme kwamba mila hizi ni za wenye nyumba kubwa. Sasa tuone zinazowezekana katika vyumba viwili vya kupanga.

Dakika tano kabla ya taarifa ya habari

Ya kwanza ni sala ya jioni. Familia nyingi huianza kwa kishindo mwezi Januari na kuiacha Februari, kwa sababu waliipanga iwe ndefu. Mtoto wa miaka minne hawezi kuketi nusu saa akisikiliza baba akiombea mataifa yote ya dunia. Dakika tano zinatosha: wimbo mmoja, aya chache za Injili, kila mtu ataje jambo moja analomshukuru Mungu kwa siku hiyo, kisha Baba Yetu.

Siri yake ni kuifunga sala kwenye kitu ambacho tayari kipo. Sala inayosubiri mpate nafasi haitasaliwa. Lakini sala inayosaliwa sahani zikishaondolewa, kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, ina mahali pake. Kama baba ni mlinzi wa usiku au mama ni muuguzi wa zamu, isaliwe asubuhi, au aliye kazini apige simu iwekwe spika katikati ya meza. Sauti ya baba ikisema Amina kutoka lindoni ni mahubiri ambayo mtoto hatayasahau.

Lile neno la shukrani la kila mtu, liandikwe. Nunueni daftari la kawaida la shule, mama au baba aandike tarehe na sentensi moja ya kila mmoja. Mtoto atasema mambo ya ajabu: anashukuru kwa embe, kwa mvua kukatika, kwa jino lililong'oka. Andika hivyo hivyo alivyosema. Mwisho wa mwaka, usiku wa kuamkia Januari mosi, lisomeni daftari hilo kabla ya kwenda mkesha. Mtagundua mliyoyaomba na kuyasahau, na namna yalivyojibiwa.

Anayepakua chakula naye aitwe

Hapa tuseme neno ambalo halisemwi mara nyingi mimbarini. Katika nyumba nyingi za mjini yupo dada wa kazi. Ndiye anayemuogesha mtoto, anayemlisha mchana, anayemwimbia alale. Kwa saa nyingi za siku ndiye katekista pekee aliye karibu na mtoto. Lakini sala ya jioni inapoanza, mara nyingi yuko jikoni anaosha vyombo, na Amina anaisikia kwa mbali.

Mtoto analiona hilo. Anajifunza kwamba kuna watu wa kusali na kuna watu wa kuosha vyombo. Hakuna mafundisho ya kipaimara yatakayolifuta somo hilo kwa urahisi.

Barua ya Paulo kwa Filemoni ni fupi kuliko zake zote zilizomo katika Agano Jipya, na imeandikwa kwa mwenye nyumba ambaye kanisa lilikuwa likikusanyika kwake. Jambo lenyewe lilimhusu mtumwa wake, Onesimo. Paulo anamwomba Filemoni ampokee tena, safari hii kama ndugu mpendwa. Kwa maneno mengine, kanisa la nyumbani lilipimwa kwa jinsi lilivyomtendea mtu wa chini kabisa katika nyumba hiyo.

Basi vyombo vingoje. Dada aitwe kabla ya sala kuanza, akae kwenye kiti kama wengine, ataje shukrani yake, iandikwe katika daftari lile lile. Kama ana dhehebu lake, apewe nafasi ya kwenda kusali Jumapili. Kama ni Mwislamu, asilazimishwe kuketi sala isiyo yake, lakini aheshimiwe na apewe muda wa swala zake. Familia inayosali vizuri huku imemchelewesha dada mshahara wake miezi miwili inamfundisha mtoto dini nyingine kabisa.

Jumamosi jioni

Wazee wetu walijua kwamba Jumapili huanza Jumamosi. Nguo zilipigwa pasi, viatu vikapakwa rangi na kupangwa mlangoni, sadaka ikawekwa tayari. Siku hizi mambo hayo hufanywa asubuhi kwa kelele: soksi moja haionekani, baba anapiga honi nje au anaita kutoka barabarani, mama analia, mtoto anapigwa kofi, kisha wote wanaingia kanisani wamenuna na kuimba wimbo wa furaha.

Fanyeni Jumamosi jioni kuwa mila. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kushika brashi ya viatu. Mpe viatu vya baba avifute, hata kama rangi nyingi itaishia mikononi mwake. Mtoto mkubwa atafute somo la kesho katika Biblia na kuweka alama ya karatasi. Sadaka ya kila mmoja iwekwe ndani ya kiatu chake au juu ya nguo yake, ili asiipokee kwa haraka mlangoni mwa kanisa kama nauli.

Kuna jambo moja zaidi la jioni hiyo, nalo ndilo gumu. Katika Mathayo sura ya 5 Bwana Yesu anafundisha kwamba mtu akikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, akapatane kwanza. Wachaga wa Kilimanjaro wana jani la isale, ambalo tangu zamani mtu hulipeleka kwa aliyemkosea kuomba msamaha, na si jambo jepesi kulikataa. Walielewa kwamba msamaha unahitaji kitu cha kushika mkononi, kwa sababu mdomo peke yake ni mzito. Nyumba yako nayo inaweza kuwa na alama yake: jani, ua, kikombe cha chai kinachopelekwa kwa uliyemkwaza. Jumamosi jioni kila mtu apate nafasi ya kuomba radhi. Na waanze wakubwa. Mtoto aliyemwona baba akimwambia mama samahani hatahitaji kuelezwa maana ya toba.

Kibubu na gunia la mchicha

Sasa tuje kwenye kazi mbili za mikono ambazo watoto huzipenda.

Chukueni kopo tupu la maziwa ya unga. Toboeni kitundu juu cha kupitisha sarafu, mtoto alivike karatasi na kuichora apendavyo. Hicho ni kibubu cha upendo. Sarafu za chenji zinazobaki dukani, za shilingi 50, 100, 200 na 500, zinaingia humo. Haba na haba hujaza kibaba. Kikifunguliwa, mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Kwaresima na kabla ya Krismasi, watoto ndio waamue nani asaidiwe: bibi jirani anayeishi peke yake, mwanafunzi mwenzao asiye na daftari. Na mtoto mwenyewe akabidhi kwa mkono wake. Msipige picha za kuweka kwenye simu. Bwana alishatuonya tusipige panda tunapotoa.

Kibubu kina jaribu lake. Itafika siku mshahara umekwisha, gesi imekata, na kopo liko juu ya kabati. Mkichukua kimya kimya, mtoto akatikisa kopo akasikia limekuwa jepesi, mmemfundisha kwamba ya Mungu huchukuliwa wakati wa shida bila kusema. Kama hakuna njia nyingine, semeni mbele ya wote kiasi kilichokopwa, kiandikwe, kirudishwe. Mjane wa Marko sura ya 12 alisifiwa kwa sarafu mbili tu, kwa hiyo hata kibubu chepesi kina heshima yake. Kinachohitajika ni uaminifu.

Kazi ya pili ni bustani ya limbuko. Ndoo iliyopasuka au gunia kuukuu, udongo uliochanganywa na samadi, matundu machache chini ili maji yasituame, na mbegu za mchicha. Mtoto amwagilie asubuhi na jioni. Mchicha hauchoshi subira ya mtoto, maana baada ya wiki tatu hadi nne huwa tayari kuchumwa. Fungu la kwanza msile. Lipelekeni kanisani wakati wa sikukuu ya mavuno, au kwa jirani mgonjwa.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, Mwisraeli aliyeleta malimbuko katika kikapu hakuyaweka tu na kuondoka. Alitakiwa asimulie habari ya babu yake aliyetangatanga, taabu ya Misri, na jinsi Mungu alivyowatoa. Fanyeni vivyo hivyo. Mkichuma lile fungu la kwanza, msimulieni mtoto habari za ukoo wenu: nani alikuwa wa kwanza kubatizwa, babu alikujaje mjini, mlikutanaje ninyi wawili, mwaka gani mlikosa kodi na nani akawasaidia. Watoto wengi wanajua habari za Daudi na Goliathi na hawajui hata moja ya habari za Mungu katika nyumba yao wenyewe.

Mwaka wa Kanisa uonekane sebuleni

Mambo mengine nitayapitia kwa haraka. Siku ya ubatizo wa mtoto iandikwe ukutani kando ya siku yake ya kuzaliwa, na ikifika asomewe cheti chake na kuelezwa nani alimshika siku ile. Kama mlihifadhi mshumaa wake wa ubatizo, uwashwe mezani jioni hiyo. Wasimamizi wake wapigiwe simu. Wengi wao wamesahau kwamba waliahidi kitu.

Wakati wa Majilio, sinia lenye mchanga, matawi machache ya mvinje na mishumaa minne yanatosha kuwa taji. Mchanga ni wa usalama, na kuwasha kiberiti ibaki kazi ya mkubwa, mtoto azime. Pango la Krismasi litengenezwe kwa boksi la viatu na sanamu za udongo ambazo watoto wamezifinyanga wenyewe. Hori libaki tupu mpaka usiku wa tarehe 24, ndipo mtoto mdogo kuliko wote aweke sanamu ya Yesu. Kama mnasafiri kwenda nyumbani kwa wazee Desemba, boksi hilo mwende nalo, mkalifungue mbele ya babu na bibi.

Jumapili ya Matawi, msitupe matawi njiani mkitoka kanisani. Masasi, kusini mwa Tanzania, wapo wasukaji ambao misalaba yao ya majani ya jamii ya mitende imekuwa ikipelekwa hata Uingereza kwa ajili ya ibada za siku hiyo. Mtoto wako naye anaweza kujifunza kukunja msalaba wa jani moja. Utundikwe juu ya mlango mpaka mwaka unaofuata. Katika makanisa yanayopaka majivu Jumatano ya kwanza ya Kwaresima, majivu hutoka katika matawi ya mwaka uliopita. Mpe mtoto aurudishe msalaba wake mkavu, ajue umekwenda wapi.

Baba Mlutheri, mama Mkatoliki

Familia nyingi changa zina jambo hili, na kwa sababu yake nyumba nyingi zimekuwa kimya. Kila mmoja anaogopa kuonekana anamvuta mwenzake, basi wote wawili wameacha kusali kwa sauti. Amani imepatikana, lakini ni amani ya nyumba isiyo na sala, na mtoto anakua akidhani kwamba Mungu ni jambo la kugombanisha wazazi.

Anzeni na mlivyo navyo kwa pamoja, navyo ni vingi: Zaburi, Injili, Baba Yetu, nyimbo mnazozijua wote. Hata katika Baba Yetu mtagundua kwamba Mkatoliki anafika mwisho mapema, na Mlutheri anaendelea na maneno ya sifa. Watoto watacheka. Waache wacheke. Aliyemaliza amsubiri mwenzake, kisha mseme Amina kwa pamoja. Katika kusubiriana huko mtoto amejifunza umoja wa Kanisa kuliko ambavyo angejifunza katika semina. Mama akishika rozari, baba asikohoe kwa dharau. Baba akienda kwenye fellowship, mama asimnunie. Mengine waachieni viongozi wenu wa roho, na muwaone mapema, kabla mtoto hajatumiwa kama kamba ya kuvutana.

Na kama uko peke yako katika jambo hili, mume hataki au mke anakudharau, au unalea bila mwenzi, mtazame Timotheo. Baba yake alikuwa Myunani, na Matendo ya Mitume hayamtaji kuwa mwamini. Lakini Paulo anapoandika juu ya imani ya kijana huyo anawataja wanawake wawili, bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Nyumba hiyo ilikuwa na pengo, lakini Mungu hakungoja izibwe kwanza.

Isigeuke mahakama

Neno la tahadhari. Sala ya jioni isiwe mahali pa kumsema mtoto aliyevunja kikombe. Wako wazazi wanaoomba, "Bwana, msaidie mtoto huyu aache uongo", huku jicho moja liko wazi likimtazama. Mtoto hasikii sala hapo, anasikia hukumu, na akikua ataikimbia. Fimbo na Biblia visiwekwe kwenye rafu moja.

Pia msichukue yote niliyoyataja. Mkianza mambo kumi mtamaliza bila hata moja. Chagueni moja, dogo, mlishike mwaka mzima. Elkana na Hana walipanda kwenda Shilo mwaka kwa mwaka, na kila mwaka Hana alimpelekea mwanawe Samweli kanzu ndogo aliyomshonea. Hana hakuwa na nafasi ya kukaa na mtoto wake. Alikuwa na kanzu moja kwa mwaka, kila mwaka ikiwa kubwa kidogo kuliko ya jana yake. Fikiri ni mara ngapi mama huyo alikadiria kimo cha mtoto asiyemwona, akishona kwa kukisia. Mzazi unayefanya kazi mbali, hata wewe una kanzu ya kushona.

Utajuaje kama mila imeshika? Siku mmechoka, umeme umekatika, mnataka kulala tu, halafu sauti ndogo inasema: "Mama, hatujaandika daftari." Siku hiyo jueni kwamba si yenu tena. Imekuwa ya mtoto.

Leo ni Jumapili, na jioni mtakula pamoja. Kabla sahani hazijaondolewa, mwite kila aliye ndani ya nyumba, zima runinga, muulize kila mmoja anamshukuru Mungu kwa nini. Msihofu kama itakuwa na ukimya wa aibu mara ya kwanza. Anayeanza kutembea naye huanza kwa kuyumba.

Ee Bwana, uliyekubali kulelewa katika nyumba ya fundi seremala, ingia katika nyumba za wazazi hawa vijana. Bariki meza zao ndogo, uwape uvumilivu wa kurudia jambo moja kila siku, na uwajalie watoto wao wakukute nyumbani kabla hawajakutafuta kwingine. Amina.

Jumapili njema.